Kufunga breki

Jumapili iliyopita, ibada ya Kiswahili ilipokwisha, mama mmoja alinivuta pembeni karibu na meza ya chai. Mwanawe ana miaka 13. Amerudi nyumbani na karatasi ya shule inayotaka saini ya mzazi: anataka kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti, na kocha amekwisha kumwambia kwamba kwa mbio alizonazo atapewa nafasi ya kubeba mpira.

"Kaka, wewe uliucheza," akaniambia. "Nisaini au nisisaini?"

Nilimwomba anipe wiki moja. Hapa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Wakongo tumekuwa wengi, na kila mwaka majira ya joto yakielekea mwisho swali hili linarudi na mtoto mwingine. Pale kwenye meza ya chai ningempa nusu ya jibu. Lote ni hili.

Nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, mwaka 1998, miaka miwili baada ya wazazi wangu kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi. Tulicheza mpira wa matambara na mifuko ya plastiki, peku, kwenye udongo mwekundu, na mimi niliwekwa winga kwa sababu nilikuwa na mbio na si zaidi ya hapo. Tulifika Michigan Januari 2013, theluji ikiwa imefika magotini. Kiingereza changu kilitosha kuomba maji. Kabla ya muhula wa sekondari kuanza, kocha mmoja aliniona nikimkimbiza mtu uwanjani, akanipa helmeti na mapedi ya mabega, akanionyesha kwa vidole mahali pa kusimama.

Jina la nafasi yenyewe lilinichanganya. Kwetu beki ni mtu wa kuzuia. Huku raningi beki husimama nyuma pia, hatua chache nyuma ya kwotabeki, mgawaji wa mpira, lakini kazi yake ni kupokea mpira na kupenya nao katikati ya watu kumi na mmoja ambao wote wamefundishwa jambo moja, kumwangusha yeye. Timu inapewa majaribio manne isogee yadi kumi, kama mita tisa hivi. Kuna wanaorusha na kudaka mipira ya mbali. Zile yadi tatu au nne za kusukumana ndizo zake.

Wiki mbili za mwanzo sikukimbia hata kidogo. Nilifundishwa kupokea: kiwiko cha upande wa kwotabeki juu, kingine chini, mikono imefunguka kama kinywa cha mamba, mpira ukigusa tumbo unafunga. Macho hayashuki kwenye mpira, yanabaki mbele. Kisha unaubana kwa sehemu tano: vidole kwenye ncha, kiganja, mkono wa chini, msuli wa juu, kifua. Kocha aliniagiza nitembee nao shuleni siku nzima, darasani, kantini, kwenye basi, na wenzangu wote waliruhusiwa kuupiga ngumi ili unidondoke. Mama alinikuta nimelala nao, akauliza kama nitatakiwa kuurudisha.

Kilichonichukua mwaka mzima ni kukimbia polepole. Mbele yako wapo vijana watano wazito wanaofungua njia. Ukiwahi, unafika mlangoni haujafunguliwa na unagonga mgongo wa mwenzako. Unatakiwa uende hatua mbili tatu kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, jicho likiwa kwa mlinzi mmoja tu: akiegemea ndani, unatoka nje, akitoka nje, unaingia. Ukishaamua, unakita mguu mmoja na kuondoka. Mimi wa Nyarugusu nilijua kuondoka tu. Sikujua kwamba kabla ya kuondoka kuna kusimama, na kwamba kusimama ndiko kugumu.

Na ipo kazi ambayo haipo kwenye video wanazotazama watoto. Jaribio ambalo mpira haukuji kwako, unabaki karibu na kwotabeki, na mlinzi mwenye kilo mia akija mbio kumvamia, unampokea wewe kwa kifua chako. Hakuna anayeshangilia. Asubuhi yake unashindwa kuvaa shati.

Kocha wetu alikuwa mtu mzima wa Michigan, kwa hiyo alikuwa ameumizwa sana na Detroit Lions, timu ya ligi kubwa ya mchezo huu (NFL) ambayo msimu wa 2008 ilipoteza mechi zote 16. Lakini alipotaka kutufundisha alirudi nyuma zaidi, miaka ya tisini, kwa Barry Sanders, raningi beki wa Lions. Alizaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1968. Urefu wake ulikuwa sentimita 173 hivi, mfupi kuliko mimi nilivyokuwa kidato cha pili. Mwaka 1988, akiwa Chuo Kikuu cha Oklahoma State, alikimbia yadi 2,628 katika mechi 11, na mwaka uliofuata Lions wakamchukua. Alicheza misimu kumi na kukusanya yadi 15,269. Mwaka 1997 peke yake alipata 2,053.

Hizo tarakimu nilizijua baadaye. Kwenye kile chumba cha video nilichokiona ni mtu anayesimama. Anakuja kasi, walinzi wanne wamemfunga, na ghafla amesimama kabisa, goti limekunjwa karibu liguse nyasi, wao wanapita kama maji ya mto yanavyopita jiwe, kisha yeye anaondoka upande ambao hakuna mtu. Kocha aliirudisha picha mara kumi. "Usitazame mbio," alisema. "Tazama breki." Akifunga tachidauni, yaani bao la mpira huu, Sanders hakucheza ngoma wala kuutupa mpira. Alimfuata refa, akamkabidhi, akarudi kwa wenzake.

Hadithi yake ninayoipenda kuliko zote ina Mwafrika ndani yake. Mwaka 1989, msimu wa kwanza wa Sanders, aliyekuwa akigombania naye taji la yadi ni Christian Okoye wa Kansas City Chiefs, Mnigeria wa Enugu. Okoye alikuwa amekwenda California kusoma na kurusha kisahani. Nigeria ilipomwacha nje ya kikosi cha Olimpiki ya 1984, ndipo alipoanza kuujua mchezo huu, akiwa amekwisha kupita miaka 20. Mtu wa kilo karibu 118, wakampa jina la Jinamizi la Nigeria. Siku ya mwisho ya msimu Lions walikuwa wanaongoza, dakika zimebaki chache, na kocha wao alimwambia Sanders kwamba amebakiza yadi kumi tu kumfikia Okoye. Hakutaka kurudi uwanjani. Mechi ilikuwa imekwisha kupatikana. Okoye akamaliza na 1,480, yeye 1,470. Kijana wa miaka 21! Mimi katika umri wa miaka 16 nilimwona mjinga. Ningeomba mpira mara ishirini.

Siku nyingine kocha alituwekea Earl Campbell wa Houston, mwaka 1978, msimu wake wa kwanza. Campbell hakukwepa watu. Alimpiga mlinzi mmoja kwa kichwa kifuani hadi akalala chali, akaendelea, mwingine akamshika jezi, jezi ikachanika ikabaki mkononi mwa aliyeshika, na yeye bado anakwenda. Tulipiga kelele, tukagonga madawati. Kocha akatuacha tumalize. Kisha akatuonyesha picha ya mwanamume mnene kwenye kiti cha magurudumu. "Ni huyohuyo," alisema, na akawasha taa. Hakuongeza neno.

Kocha yule alijua kutuonya, na Ijumaa usiku ileile alinipa mpira mara 24. Simlaumu. Alikuwa na mechi ya kushinda, na mimi nilikuwa natamani ya 25.

Baba alikuja uwanjani mara moja tu. Kambini alikuwa mtu wa baiskeli: alibeba magunia ya mkaa, mawili na wakati mwingine matatu, kwenye barabara za kule ambazo zinapanda na kushuka. Hapa anafanya kazi kiwandani, zamu ya usiku, na ile Ijumaa aliomba ruhusa. Nilifunga tachidauni mbili. Spika ilitaja jina letu la ukoo vibaya, watu elfu moja wakasimama. Ndani ya gari alikaa kimya mpaka tulipokaribia nyumbani.

"Ukianguka, wanakuangukia wangapi?"

"Watatu. Wanne."

"Na mpira unapewa mara ngapi?"

"Kama mara ishirini, Baba."

Nilimwona anahesabu. Akasema, "Kupanda na mzigo, mtu unapumzika. Kushuka ndiko kunakoua. Ukiwa umepakia kuliko breki zako, hujui mpaka uwe katikati ya mteremko." Halafu akaniambia nifunge mlango wa gari taratibu, majirani wamelala.

Siku hizi nikitazama hesabu za wachezaji huifanya ile hesabu ya Baba. Barry Sanders alikabidhiwa mpira mara 3,062 katika ligi. Zidisha kwa wanaomwangukia.

Goti langu la kulia lilikwenda Oktoba 2015, na hakuna aliyenigusa. Nyasi zilikuwa na unyevu. Niliona mlinzi ameegemea ndani, nikakita mguu nigeuke nje, mwili ukageuka na goti likabaki. Nilisikia sauti kama kijiti kikavu. Maumivu yalikuwa makali kwa dakika moja, kisha yakapoa, nikasimama nikajaribu kutembea, na mguu ukacheza ndani kama mlango usio na bawaba. Ilikuwa ile kano ya mbele inayovuka katikati ya goti. Walinifanyia upasuaji, wakachukua kipande cha kano nyingine chini ya kifupa cha goti wakatengeneza mpya.

Tangu nilipoamka, kila aliyekuja alinisimulia habari za Adrian Peterson. Huyu wa Minnesota alichanika kano hiyohiyo mkesha wa Krismasi 2011; Septemba 2012 akarudi uwanjani, akamaliza msimu na yadi 2,097, yadi nane tu chini ya rekodi ya Eric Dickerson ya 1984. Ni kweli tupu, na kwa kijana wa miaka 17 aliyelala na barafu gotini ni sumu. Hakuna aliyenitajia Terrell Davis wa Denver, ambaye mwaka 1998 alikimbia yadi 2,008 na kuwa mchezaji bora wa ligi nzima, akaumia goti katika mechi ya nne ya msimu uliofuata, na hakuwa tena mtu yule. Wote wawili ni watu wa kweli. Lakini wagonjwa wote tunapewa mmoja.

Mama wa mazoezi ya viungo aliyenishughulikia alinipima kwa kunirukisha kwa mguu mmoja mmoja. Kuruka mbele nilifanya vizuri. Kutua ndiko goti lilikokuwa likiingia ndani na kutetemeka. Alitaka nisubiri. Nilijifunza kumdanganya: nilikaza tako, nikatazama ukutani, nikasema hakuna maumivu. Watu wazima waliokuwa wakinizunguka walitaka kuniamini. Agosti 2016 nikavaa tena, na mechi ya tatu goti lilelile likaachia, safari hii na ule mto wa gegedu kati ya mifupa ukachanika pia. Nililala nyasini nikatazama zile taa ndefu. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemdanganya mtu aliyekuwa akinisaidia.

Hata hivyo simu ilikuja. Machi 2017 kocha wa chuo kimoja kidogo alinipigia: njoo, pumzika mwaka mmoja, ada yako tutalipa sehemu, halafu utacheza. Kwa familia yetu ada ni neno zito. Mama alifurahi, kisha akanyamaza. Nilikaa na simu hiyo siku tano.

Mwaka mmoja kabla, nikiwa bado katika mazoezi ya goti la mara ya kwanza, Calvin Johnson wa Lions alikuwa amestaafu akiwa na miaka 30 tu, na kocha wetu alikasirika kama mtu aliyeachwa na ndugu. Alisema ni ya Barry tena. Ndipo aliponieleza mwisho wa Barry, kisa alichokuwa amekiruka wakati wote ule wa video. Julai 1999, mazoezi ya msimu yakikaribia kuanza, Sanders alituma faksi kwa gazeti la mji wake wa Wichita kusema anaacha. Alikuwa amefikisha miaka 31 mwezi huohuo. Rekodi ya Walter Payton, yadi 16,726, kubwa kuliko zote wakati ule, ilikuwa mbele yake kwa yadi 1,457, kazi ya msimu mmoja kwa mtu kama yeye. Aliandika kwamba hamu ya kutoka imezidi hamu ya kubaki. Timu ilikuwa ikishindwa miaka nenda rudi. Kwa misimu yake kumi ilishinda mechi moja tu ya mtoano. Watu wa Michigan walichukua miaka mingi kumsamehe.

Katika zile siku tano nilimwelewa, na pia nilielewa zile yadi kumi za 1989. Nilikuwa nikidhani ile breki ya uwanjani na ile faksi ni vitu viwili.

Nilimpigia kocha wa chuo nikamshukuru. Mpira wa mazoezi uliokuwa chini ya kitanda changu niliurudisha shuleni kwa mkono wangu. Nikasomea usaidizi wa fiziotherapia katika chuo cha jumuiya, na ndiyo kazi ninayofanya leo: nashika magoti ya watu, mengi ya wazee wa viwandani.

Kuhusu ligi kubwa yenyewe, mama yule ajue haya, kwa sababu mtoto wake ataota hayo. Hesabu inayotajwa sana, ya chama cha wachezaji, humpa mkimbiza mpira wastani usiofika miaka mitatu kazini. Mkataba wa kwanza wa aliyechaguliwa ni wa miaka minne. Maana yake wengi wanamalizika kabla mkataba wa kwanza haujaisha, na wachache wanaoumaliza huambiwa wamechoka. Josh Jacobs aliongoza ligi nzima mwaka 2022 kwa yadi 1,653. Mwaka uliofuata timu yake ikataka kumzuia asiondoke kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 10 na kidogo. Kwotabeki anayezuiwa kwa njia hiyohiyo mwaka huohuo angelipwa zaidi ya milioni 32. Dola milioni 10 ni mali, sitaki kuidharau mbele ya watu wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda kiwandani. Lakini mwili unaogongwa zaidi ndio unaopata muda mfupi zaidi wa kulipwa, na mimi naiona ni dhuluma hata ikiwa na sahihi za pande mbili.

Basi, asaini? Nitamwambia asisaini mwaka huu. Upo mpira huohuo wa bendera, ambapo badala ya kuangushwa unanyofolewa kitambaa kiunoni. Mtoto wa miaka 13 atajifunza humo kupokea, kusubiri na kugeuka, bila kugongwa kichwa. Akifika sekondari, aende yeye mama, asimtume binamu, akaulize kama uwanjani kuna mtaalamu wa afya siku za mazoezi, si siku za mechi peke yake, na nani mwenye sauti ya mwisho mtoto akipigwa kichwa: huyo mtaalamu au kocha. Wakimjibu kwa kuzungukazunguka, arudi na karatasi yake.

Na nitamwambia pia nilichopata, maana nikificha hicho nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Nilipata Kiingereza. Nilipata wale vijana watano wa mbele, wawili Weupe wa mashambani, mmoja Mmexico, wawili Weusi wa hapa mjini, ambao kila Alhamisi walijazana sebuleni kwetu wakala ugali na sombe kwa mikono, na Mama aliwaita wanangu mpaka wakaitika. Nilipofanyiwa upasuaji walinipandisha ngazi za nyumbani wamenibeba. Mmoja wao alisimama upande wangu nilipooa.

Mwaka 2023 Lions walimsimamishia Sanders sanamu nje ya uwanja wao, Ford Field. Nilimpeleka Baba mwezi uliofuata. Ni saa mbili na nusu kwa gari. Alizunguka lile shaba lililoshika mpira, katikati ya mbio.

"Huyu alikufa lini?"

"Hajafa, Baba. Ana miaka 55."

"Na anatembea?"

"Anatembea."

Akainama akayatazama magoti kwa muda mrefu, kama anavyotazama baiskeli ya mtu kabla hajainunua.

Jumapili nitamtafuta yule mama kabla ya ibada. Nitamwomba aje na kijana siku moja jioni, avae viatu vya mazoezi. Mbio zake nimekwisha kuzisikia. Nataka nimtume akimbie kuelekea kwangu kwa nguvu zote, na nikinyoosha mkono afunge breki, ili nilitazame goti.